Jinsi ya kusoma mishipa ya damu kwenye slaidi ya utando wa pua

Kazi huharibika kwenye chupa ya sampuli, kabla ya hadubini. Kipande cha turbineti ya chini (mkunjo wa mfupa uliofunikwa na utando ndani ya pua) kinachotoka kisiwa cha Ukerewe hukaa melini saa kadhaa kabla ya kufika Mwanza mjini, kwenye joto. Kitumbukizwe kwenye formalini 10% yenye bafa, dawa ya kuhifadhi nyama, mara tu kinapokatwa, nayo iwe angalau mara 10 ya ujazo wa kipande. Maji matupu ni hasara: seli nyekundu hunyonya maji zikapasuka, na ndizo rula yako. Kila moja ina upana wa mikromita 7 hivi (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita).

Kama kuna mfupa, ulainishwe kwanza kwa asidi, la sivyo kisu cha mikrotomu, mashine ya kukata vipande vyembamba, kitachana utando. Kata vipande vyenye unene wa mikromita 4 hadi 5, kisha vipake rangi za hematoksilini na eosini.

Kwa lenzi ya 4 (inayokuza mara 4), tafuta ukingo wenye seli ndefu za silia, yaani vinyweleo vidogo. Huko ndiko juu. Ukipakosea, kila kitu kitakuwa kichwa chini.

Hamia lenzi ya 40. Chini tu ya ukingo kuna kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, nyembamba kiasi cha kupitisha seli nyekundu mojamoja. Kuta zake zina vitundu vinavyotazama juu, lakini usihangaike kuvitafuta: vinahitaji hadubini ya elektroni. Shuka, pita tezi, utakutana na sinusoidi. Hizi ni vena pana zenye umbo la ovyo, zimezungukwa na misuli laini. Misuli hiyo ikilegea zinajaa damu na pua inaziba. Ikikaza, pua inafunguka. Ziangalie kwa utulivu, maana ndizo zinazoitofautisha turbineti na utando mwingine wa njia ya hewa.

Wengi hukosea hapa: nyama ikisinyaa wakati wa kuandaliwa huacha nyufa zinazofanana kabisa na sinusoidi. Fuata ukingo wa uwazi huo kwa lenzi ya 40. Ukiona viini bapa vya endothelia (seli zinazotanda ndani ya mshipa) vimejipanga ndani na misuli nje, ni mshipa. Nyuzi zilizokatika bila viini ni ufa, hata kama kuna seli nyekundu zilizomwagikia humo.

Soma pia fomu ya daktari. Adrenalini au ksailometazolini ikitumika kabla ya upasuaji, sinusoidi hubanwa zikabaki mistari myembamba. Usiandike kwamba ni chache. Andika kwamba zimebanwa, na utaje dawa iliyotumika.