Chaja ya betri imeyeyuka? Anza na mahali ilipoyeyukia

Usikimbilie kununua chaja nyingine. Kilichoiua ya kwanza mara nyingi bado kipo. Zima soketi ukutani kabla ya kugusa vibanio: betri ya gari inayochajiwa hutoa haidrojeni, na cheche moja karibu na vichwa vyake yatosha kuilipua.

Plastiki imeyeyuka wapi? Kama ni kwenye kibanio au plagi tu, chaja yenyewe huenda ni nzima. Tatizo ni kutu au mshiko uliolegea. Ukinzani wa omu 0.1 kwenye mshiko unaopitisha ampea 10 huzaa wati 10 za joto, zote mahali padogo kama ncha ya kidole. Kata waya mpaka ukute shaba inayong'aa, funga kibanio kipya, sugua vichwa vya betri.

Likiyeyuka kasha, anza na betri. Iache itulie saa kadhaa, kisha ipime kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 hivi. Ikiwa imechajiwa usiku kucha na bado inasoma 10.5, seli moja kati ya sita zilizo ndani yake imepiga shoti, kwa kuwa kila seli hubeba volti 2 na ushee. Chaja za transfoma zisizojizima ndizo huumia hapa: zinaendelea kusukuma umeme mwingi kwenye betri isiyojaa kamwe.

Betri ikiwa nzima, chomoa plagi ufungue kasha. Feni iliyokwama au matundu ya hewa yaliyoziba vumbi utayaona kwa macho. Ondoa waya za transfoma kwenye diodi (kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu), weka multimita kwenye alama ya diodi. Upande mmoja isome kati ya 0.4 na 0.7, ukigeuza ncha, isome OL, yaani umeme haupiti. Ikisoma karibu na sufuri pande zote, diodi imekufa, na transfoma ilikuwa inajichoma yenyewe. Mara nyingi chanzo ni mtu aliyebadilisha kibanio chekundu na cheusi.

Transfoma iliyonuka vanishi iliyoungua, au yenye waya uliogeuka mweusi, haifai kubahatisha, itupe.

Mwisho, fyuzi. Ndiyo ilipaswa kufa kwanza. Ukikuta pale kipande cha waya, au fyuzi ya ampea 30 kwenye chaja ya ampea 10, hakuna kilichokuwa kikiilinda. Rudisha ya kiwango kilichoandikwa kwenye kasha.