Somo: Kusoma faili kubwa la maandishi kwa PHP bila kumaliza memori

Wakuu, juzi nilipewa logi ya seva (faili la kumbukumbu za maombi yanayofika kwenye seva), GB 2 na ushee, nihesabu maombi yaliyogonga kosa la 500, yaani hitilafu ya ndani ya seva. Nikatumia file() kama nilivyozoea. Skripti ikafa hapo hapo, ikilalamika kuwa baiti 134217728 zimekwisha. Hizo ni MB 128, kikomo cha kawaida cha PHP.

Shida ni kwamba file() huvuta faili zima, kisha hugeuza kila mstari kuwa kipande ndani ya safu, hivyo hula memori kuliko ukubwa wa faili lenyewe. Ukipandisha memory_limit (mpangilio wa kikomo hicho) umejinunulia wiki mbili tu, logi inazidi kunenepa.

Hatua ya 1: fungua, usivute.

$f = fopen('seva.log', 'r');
if ($f === false) exit("Halifunguki\n");

Hatua ya 2: chukua mstari mmoja, utumie, uachie.

$idadi = 0;
while (($mstari = fgets($f)) !== false) {
    if (strpos($mstari, ' 500 ') !== false) $idadi++;
}
fclose($f);

Hiyo !== false msiiruke. Mstari wa mwisho ukiwa "0" peke yake, bila alama ya mstari mpya, PHP huuona kama uongo (false) na kitanzi hukatika kabla ya kuuhesabu. Nimewahi kuutafuta mstari huo nusu siku.

Hatua ya 3: pima. Chapisha memory_get_peak_usage() mwishoni. Jaribu faili la MB 10, kisha la GB 2: namba haisogei sana.

MASWALI

Mkuu, ' 500 ' si itakamata hata jibu lenye ukubwa wa baiti 500?
– Umenibana. Kwenye logi ya Apache (programu ya seva ya wavuti) namba ya hali hufuata nukuu inayofunga ombi, kwa hiyo tafuta '" 500 '. Nimesharekebisha kwangu.

Na CSV (jedwali la maandishi lililotenganishwa kwa koma) je?
– Tumia fgetcsv(). Kisanduku kikiwa na mstari mpya ndani ya nukuu, fgets() itakikata katikati.

Nataka mistari ya mwisho tu.
– fseek($f, -8192, SEEK_END) ili urukie baiti 8192 za mwisho, kisha soma. Mstari wa kwanza utupe, huenda umekatika.

Langu ni JSON (data iliyopangwa kama maandishi) ya MB 900, yote mstari mmoja.
– Hapo fgets() itavuta yote kama file() tu. Soma vipande kwa fread($f, 8192), na utahitaji kichambuzi kinachopokea JSON kidogo kidogo, maana json_decode() hutaka yote kwa mkupuo.