Kuchagua binokula, na kuiseti (hapo ndipo wengi tunakwama)

Mdogo wangu mmoja ameanza kazi ya kutembeza watalii hapo Entebbe, kaniuliza anunue binokula (darubini ya macho mawili) gani. Nimemjibu kwa simu mpaka salio likaisha, sasa naandika.

1. Soma namba. 8x42 ni kwamba inavuta mara 8 na lenzi ya mbele ina milimita 42. Basi.

2. Unaenda kutazama nini? Ndege: 8x42, hapo sibishani na mtu. Kwenye mtumbwi Mabamba ukimtafuta korongo-nyangumi, ukibeba ya 12 utaona matete yanacheza ngoma tu, mkono unatetemeka na mtumbwi nao unatikisika. Bwindi msituni ni giza, sasa gawa 42 kwa 8, unapata 5 na kitu, huo ndio upana wa mwanga unaofika jichoni, ile ndogo ya 8x25 inakupa 3 tu na jioni huoni kitu. Murchison wanyama wako mbali, nanyi gari mmelizima, 10x42 sawa. Nyota, 10x50 na uegemee ukuta. Mpira Namboole, 8x25 yatosha. Za zumu, zile za kuongeza na kupunguza mvuto, waachie wenye duka.

3. Seti macho. Mimi yangu ya kwanza niliirudisha kwa muuzaji nikamwambia mbovu, kichwa kiliniuma siku mbili, kumbe mbovu nilikuwa mimi. Kwanza kunja mirija hiyo miwili mpaka uone duara moja. Kisha ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa mkono (usifumbe jicho, ukifumba unalikaza na hilo lingine), tazama kitu kisichosogea kama kibao cha duka, zungusha gurudumu la katikati hadi kisomeke. Sasa ziba ya kushoto, na gurudumu USILIGUSE tena, zungusha ile pete ndogo ya jicho la kulia tu. Nyingine pete iko katikati, iangalie vizuri. Ikishakaa weka alama kwa kalamu, maana kwenye begi inajizungusha, na mgeni ukimwazima ataichezea tu. Unavaa miwani? Teremsha vile vikombe vya mpira, la sivyo utaona katundu.

4. Kabla hujalipa toka nje, tazama waya wa umeme. Ukiona waya mmoja umekuwa miwili hata baada ya kuseti, mrudishie mwenyewe, hata akupunguzie vipi.