Kufuma mkanda wa Andes ukiwa Dodoma

Kondoo wetu wa Ugogo hawana sufu ya kusokota, kwa hiyo uzi wa kondoo na wa alpaka, mnyama wa sufu wa huko, wanaoutumia wafumaji wa Chinchero, kule Peru kwenye milima ya Andes, tuusahau. Mimi hutumia pamba nene. Pamba ni kaidi kwa rangi za asili: ukiruka hatua moja, rangi inaondoka na maji ya kwanza.

Pima gramu 100 za uzi mkavu. Uchemshe saa nzima kwa sabuni ya mche, usuuze. Ulaze usiku kucha kwenye maji yaliyochemshiwa maganda ya komamanga. Magome ya mgunga nayo yanafaa, lakini yachukue kwenye matawi yaliyokwisha kukatwa, usichune mti uliosimama. Asubuhi ukamue, kisha uzamishe saa kadhaa kwenye maji ya moto yenye gramu 15 za shabu.

Maganda ya vitunguu waombe wauzaji wa soko la Majengo. Kwao ni taka. Chemsha gramu 100 saa moja, chuja, tia uzi, uchemke polepole saa nyingine, upoe humohumo. Utatoka na rangi ya dhahabu. Nusu yake ichovye kwenye maji ya misumari yenye kutu. Itakoza na kuwa kahawia ya kijivu. Anika kivulini, jua la huku halina huruma.

Nyekundu ya Andes hutoka kwa kidudu cha mpungate, kinachokaushwa na kusagwa. Mipungate hata hapa ipo, ila kidudu chenyewe msikilete.

Sasa kufuma. Chomeka vigingi viwili, zungusha nyuzi kwa umbo la nane ili zipishane katikati, dhahabu upande mmoja wa makutano hayo, kahawia upande wa pili. Kabla ya kung'oa, funga makutano hayo kwa kamba. Yakipotea, mtande wote, yaani nyuzi za urefu, ni wa kutupa.

Badala ya vigingi weka vijiti. Kimoja kifunge kwenye mwarobaini, kingine kwenye khanga iliyokunjwa na kuzungushwa kiunoni. Ubao mwembamba ushike tabaka la dhahabu. Kila uzi wa kahawia uupitishie kitanzi, vitanzi vyote uvifunge kwenye kijiti kimoja.

Mashine ni mgongo wako. Egemea nyuma, nyuzi zinakaza. Sogea mbele kidogo zilegee, uinue kijiti cha vitanzi. Pitisha mshindio, yaani uzi wa kukatiza, gonga kwa rula ya mbao, badili tabaka. Vuta mshindio mpaka nyuzi zibanane na usionekane tena: hapa ndipo wanafunzi wangu wengi hulegea, wakapata kitambaa cha gunia. Ukivuta sawasawa, mistari ya dhahabu na kahawia inapandana kama ngazi.

Mkono ukizoea, anza maua: okota kwa kidole uzi wa dhahabu pale kahawia ilipopaswa kutokea, ule wa kahawia ushuke. Geuza mkanda, ua lilelile liko nyuma, rangi zimebadilishana nafasi. Lisipofanana, kuna uzi uliouacha njiani, fumua mstari huo tu.