Breka ikishatripu irudi baada ya sekunde ngapi? Namna ya kupanga bila kuyumbisha gridi

Huku Moshi masika ikianza tu radi zinapiga laini jioni kwa jioni, na kila fundi mpya wa relei (kile kifaa kinachohisi shoti na kuiamuru breka ikate) anauliza lile lile: breka ikishakata, ijirudishe yenyewe baada ya muda gani? Wengi wanajibiwa "weka 0.3 basi". Jamani tusiende hivyo, huo muda ndo unaamua kama jenereta zitabaki zikizunguka kwa mwendo mmoja au zitaachana.

Anza na hewa. Radi ikipiga, moto unaruka juu ya vikombe (vile vya kushikia waya kwenye nguzo), breka ikikata moto unazima lakini hewa pale bado inapitisha umeme, ukirudisha mapema shoti inawaka upya palepale. Hesabu ya makadirio iko hivi: gawanya kilovoti kwa 34.5, jumlisha 10.5, halafu gawanya kwa 60 upate sekunde (sisi tuko hezi 50 ila hesabu yenyewe ilitengenezwa kwa 60, usibadilishe). Kwa laini ya 132 unapata kama 0.24, ya 220 ni 0.28, ya 400 ni 0.37. Hiyo ndo sakafu, ongeza kidogo juu yake. Na hapo ni ukikata fezi zote tatu (nyaya tatu za laini), ukikata moja tu zile mbili zilizo hai zinailisha ile iliyokatwa kupitia hewani na moto unachelewa kufa, kwaiyo panga nusu sekunde mpaka sekunde nzima. Faida yake ni kwamba laini inaendelea kupitisha umeme kiasi, kama pande mbili zinaunganishwa na laini moja tu mimi napendelea hivyo.

Soma na kibao cha breka yenyewe. Nyingi zimeandikwa O – 0.3s – CO – 3min – CO, maana yake ikikata inaweza kurudi baada ya 0.3 na kukata tena, baada ya hapo inahitaji dakika 3. Usiidai zaidi ya hapo.

Sasa rota, ile sehemu ya jenereta inayozunguka, na hapa ndo penye kazi. Shoti ikitokea jenereta inashindwa kutoa umeme lakini maji au mvuke bado unaisukuma, rota inakimbia mbele, shoti ikikatwa inaanza kupunguza mwendo, inafika mwisho inarudi nyuma, kama bembea, na mara nyingi safari moja ya kwenda na kurudi inachukua kama sekunde moja hivi. Kama shoti imeisha kweli na mfumo ni dhaifu, rudisha mapema, laini inasaidia kuishika rota. Lakini kama mti umelalia waya, kurudisha ni kuipiga shoti ya pili: ikimkuta rota bado anakwenda mbele unamwongezea mbio, ikimkuta anarudi nyuma ule msukumo unampunguzia kasi ya kurudi. Shoti ni ile ile, tofauti ni sehemu ndogo tu ya sekunde. Mimi nilielewa siku nilipokaa na rekodi ya laini moja ya 132, breka ilirudi kwenye 0.35, mkondo wa fezi moja ukapanda tena, na kwenye mchoro wa megawati za mashine kilima cha pili kikawa kirefu kuliko cha kwanza. Niliangalia ile karatasi muda mrefu sana.

Kwaiyo fungua modeli ya gridi kwenye kompyuta, weka shoti ya fezi tatu karibu na jenereta, ikate kwa milisekunde 100, halafu rudisha kwenye 0.3, 0.4, 0.5 mpaka 1.5, mara moja shoti ikiwa imeisha na mara moja ikiwa ipo, kila safari andika engo kubwa ya rota iliyofika, yaani imekimbia mbele kiasi gani. Chagua muda ambao safari zote mbili zinavumilika, usichague ule unaopendeza upande mmoja tu. Rudia mzigo ukiwa mkubwa usiku na ukiwa mdogo alfajiri, muda unaofaa unahama.

Karibu na kituo cha kuzalisha usirudishe fezi tatu haraka, shafti ya mashine inaumia. Acha upande wa mbali urudi kwanza, huku subiri sekunde kadhaa na relei ikague kwamba engo za pande mbili hazijapishana zaidi ya digrii 20 au 30.

Laini ya kebo ya chini ya ardhi usiiwekee kabisa, shoti ya kebo haijiponyi. Na mafundi wakiwa juu ya nguzo wanafanya kazi kwenye laini yenye umeme, oto-rikloza (ile inayoirudisha breka yenyewe) izimwe kabla hawajapanda, ikaguliwe kwa macho kwenye paneli, tena na watu wawili.