Simu moja yatosha darasa zima
Walimu wenzangu wa Dar, msiache chemshabongo za kidijitali eti kwa sababu wanafunzi hawana simu. Plickers, programu ya maswali ya kuchagua jibu, inataka simu ya mwalimu tu. Unachapisha kadi, kila mtoto na yake. Anaigeuza herufi ya jibu lake iwe juu, nawe unapitisha kamera. Michoro ya kadi haifanani, kwa hiyo kuigiliziana ni kazi.

Juzi hapa Mbagala niliuliza 1/2 + 1/3. Waliochagua 2/5 badala ya 5/6 walikuwa wengi, hata wale wanyoosha mikono wangu! Somo jipya nikaliweka kando, tukarudi kwenye Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha 2 na 3. Chaguo hilo la 2/5 nililitoa kwenye makosa ya madaftari yao wenyewe. Alama sikurekodi, wasije wakaogopa kukosea.