Mtoto wako ana aleji kali ya njugu na yuwaanza skuli? Fanya hivi

Mwanangu ana aleji ya njugu na korosho, na sisemi ile ya kujikuna kidogo halafu yaisha, ni ile ya midomo kufura na koo kubana mpaka pumzi haipiti. Sasa yuko grade 1. Kama wako yuwaingia PP1 mwakani hapa Mombasa soma haya, mengine nimeyajua baada ya kuungua.

Alikuwa PP2, kulikuwa na bathidei darasani, mwenzake kwa roho nzuri tu akammegea kashata. Mwalimu akaona uso wafura, akampa piriton ya maji akakaa kungoja ifanye kazi. Mimi napigiwa simu niko kwenye feri ya Likoni, katikati ya maji, mbele siendi nyuma sirudi. Aliyemuokoa ni mpishi wa skuli, alisikia mtoto akohoa na sauti imekauka, akambeba mpaka dispensari ya jirani akadungwa adrenalini. Mwalimu simlaumu sana, nani alimuonyesha? Mimi mwenyewe nilijaza "aleji: njugu" kwenye fomu nikaenda zangu.

Kwa hivyo usiishie kwenye fomu. Nenda kabla skuli hazijafunguliwa, ukae na hedi, mwalimu wa darasa, mpishi na dreva wa van, wote siku moja ili asije mtu akasema hakuambiwa. Omba daktari wa mtoto akuandikie karatasi moja, si tatu, yenye picha yake, asichokula, dalili, dawa na dozi, na namba za simu. Nakala moja ukutani darasani, nyengine jikoni, nyengine ndani ya pochi ya dawa.

Dalili waeleze kwa lugha ya nyumbani: vipele, midomo na macho kufura, kutapika, kukohoa kusikokwisha, kupumua kwa mlio, sauti kubadilika, mtoto kulegea ghafla. Na waambie vipele si lazima vitoke, mtoto aweza kubanwa pumzi na ngozi yake iko safi kabisa.

Dawa ya kuokoa maisha ni adrenalini. Piriton yapunguza mwasho, koo haifungui, na kungoja piriton ndiko kunakoua. Kama mtoto amekula kitu na pumzi yabana au amelegea, sindano kwanza, simu kwa mama baadaye. Kalamu za adrenalini, zile sindano zenye dawa tayari ndani, si kila duka la dawa wanazo na bei si mchezo, anza kutafuta mapema. Ile ya miligramu 0.15 ndio huandikiwa watoto wa kilo 15 mpaka 30 hivi lakini daktari ndiye aamue. Ukikosa kalamu, muulize daktari kuhusu ile ya kichupa na sindano ya kawaida, akuonyeshe kiasi hasa, na mtu wa skuli aje naye afundishwe pale pale. Kuelezewa kwa mdomo hakutoshi.

Mimi nilipata kalamu ya mazoezi isiyo na sindano, nikampa madam wa darasa. Akaishika kama anayebonyeza kengele, dole gumba juu. Nikamwambia madam ingekuwa ya kweli na umeigeuza, ungejidunga kidole. Ishike kwa ngumi, toa kifuniko, kandamiza pajani kwa nje, hata juu ya kaptula ya unifomu yapita. Nyengine washikilia sekunde 3 nyengine 10, soma karatasi ya yako. Tulirudia mpaka akacheka, halafu akaja mpishi naye akajaribu.

Baada ya sindano mtoto alazwe miguu juu, kama pumzi ndio shida akae, lakini asisimamishwe wala kutembezwa. Dakika 5 zikipita hana nafuu apewe ya pili kama daktari alivyoandika, kwa hivyo weka mbili. Hospitali aenda hata akiwa acheka, kwani aleji yaweza kurudi masaa baadaye. Na chagua hospitali iliyo upande wenu wa maji! Skuli iko Likoni, mpango wako usitegemee feri. Sisi tuna namba ya mtu wa tuktuk anayeegesha pale getini.

Pochi ikae alipo mtoto, si ofisini kwenye kabati ambalo ufunguo umeenda benki. Friji hapana, dashibodi ya van hapana, na joto letu hili walijua. Angalia tarehe ya kuisha kila muhula, dawa ikiwa na rangi au ukungu badilisha.

Chuoni, yaani madrasa, pia usisahau, watu wengi wasahau. Ustadh apewe somo lile lile, hasa ikikaribia Maulidi na halwa zazunguka, nyengine zina korosho na lozi. Na kashata ya nazi usiiamini, nazi yenyewe haina neno lakini sinia ni lile na kisu ni kile kilichokata za njugu. Wenzake wakila wanawe kwa sabuni na maji, senitaiza haitoi njugu mkononi.

Kazi ngumu kabisa ni mtoto mwenyewe. Sisi watoto wetu twawafundisha kugawana, na kukataa cha mtu ni utovu wa adabu, sasa umwambie nini? Wangu nimemfundisha apokee, aseme asante, asile mpaka mama aone. Nyumbani kuna kopo la vitu vyake, akinipa cha watu nampa cha kopo, kwa hivyo hapati hasara. Wiki iliyopita karudi na labania imeyeyuka mfukoni, kaptula yote yanata, yuwaniuliza hii naweza kuila.